Meno ya mbele ya mtoto yanameguka, ya chini mazima. Ni chupa, ni maji ya Arusha au ni ukoo?

#1 MamaKibonge
Wakuu habari za saa hizi. Niende moja kwa moja. Nina binti ana miaka mitatu na kitu, meno yake manne ya mbele ya juu yalianza na mstari mweupe karibu na fizi, nikajua ni mabaki ya maziwa nikawa nafuta na kitambaa, mstari ukageuka kahawia, sasa hivi yanameguka vipande na mawili yamebaki visiki. Ya chini mazima kabisa. Kazaliwa Usa River, tukahamia Tabata akiwa ndo kwanza anatembea. Daktari wa meno kasema yatibiwe, mama mkwe kasema hayo ni ya utoto yatang'oka yenyewe tusimtese mtoto, na baba yake kaungana na mama yake kama kawaida. Mimi nataka kujua chanzo maana kuna mdogo wake ana miezi minane, vijino viwili vimetokeza, sitaki haya yajirudie. Mwenye uzoefu anisaidie, matusi sitaki.

#2 Ngoja Waje
Natia nanga hapa. Wa kwangu ana huohuo mstari mweupe.

#3 Shangazi wa Mbagala
Analala na chupa? Jibu hilo kwanza kabla watu hawajaanza kukuletea mambo ya ukoo. Mtoto anawekewa chupa ya maziwa yenye sukari saa tatu usiku, analala nayo mdomoni mpaka alfajiri, halafu tunauliza meno yamekuwaje.

#4 Mzee wa Makande
Nilivyoona tu Usa River nikajua. Dada yangu, hayo ni maji. Mimi ni mtu wa Maji ya Chai, kuzaliwa na kukulia, nikicheka unaona ramani yote ya kahawia. Ukanda wote ule wa Meru, Ngurdoto, kwenda mpaka Hai huko, maji yana floraidi, madini yanayotoka kwenye miamba ya volkano. Wala si siri, Ngurdoto pale serikali iliweka kituo cha utafiti wa kuiondoa hiyo floraidi kwenye maji. Mtoto alikunywa maji ya kule, mwisho wa habari.

#5 MamaKibonge
@Shangazi wa Mbagala chupa ndiyo analala nayo, sikatai, mimi natoka kazini usiku na dada ndo anamlaza, bila chupa nyumba nzima hailali. Maziwa na sukari kijiko kimoja, siku nyingine uji wa lishe mwepesi. @Mzee wa Makande umenishtua, baba yake ni Mmeru na meno yake ni hayohayo unayosema.

#6 Msema Kweli Bandia
Kwa hiyo rangi uliiona tangu siku ya posa ukakubali, leo unatafuta mchawi 😂

#7 MamaKibonge
@Msema Kweli Bandia alikuwa hacheki, alikuwa anatabasamu tu. Niliona baada ya mahari.

#8 dkt_magego
Habari wadau. Mimi ni tabibu wa meno, simtibu mtoto nisiyemuona, ila kuna kitu mtoa mada amekitaja mara moja halafu wote mmekiruka: ya chini ni mazima. Mtoto akinyonya chupa, ulimi unakaa juu ya meno ya chini unayafunika, na pale chini ndipo yanapofungukia matundu ya tezi za mate, kwa hiyo yanaoshwa muda wote. Ya juu hayana kinga hiyo, maziwa yenye sukari yanatuama hapo, na mtu akilala mate yanapungua sana. Bakteria wanakula ile sukari wanatoa asidi, asidi inavuta madini ya jino. Mstari mweupe uliokuwa unaufuta ndiyo hatua ya kwanza kabisa, pale hakuna tundu bado na jino linaweza kurudishiwa madini yake. @Ngoja Waje wewe uliyetia nanga ng'oa nanga umpeleke mtoto wiki hii.

Kuhusu maji: floraidi haichagui meno manne. Ikimpata mtoto inagusa meno mengi, tena ya kulia na kushoto yanafanana, na mara nyingi inaonekana zaidi kwenye meno ya ukubwani kwa sababu ya utoto sehemu kubwa yanajijenga mtoto akiwa tumboni na miezi ya mwanzo ya kunyonya.

#9 Ngoja Waje
Sawa dokta 🙏 nimeelewa.

#10 Mzee wa Makande
@dkt_magego nakuheshimu lakini kitabu na Maji ya Chai ni vitu viwili. Huko kwetu hata meno ya utoto yanatoka yana madoa, njoo nikuoneshe wajukuu. Na umesahau magadi. Mama mjamzito anakula makande ya magadi kila siku, magadi yanatoka ziwani huko Natron na kwenye majangwa ya chumvi, yamejaa floraidi hiyohiyo, mtoto akianza kula naye anapewa maharage yaliyolainishwa na magadi. Hapo hata ukinywa maji ya dukani umepigwa.

#11 dkt_magego
La magadi ni kweli na mzee umenikumbusha. Na nikubaliane na wewe zaidi: floraidi ikizidi sana gamba la nje la jino linakuwa na vishimo vishimo na linamegeka kirahisi, likishakuwa hivyo sukari inamalizia. Kwa hiyo inawezekana vyote viwili vimekutana kwenye mdomo mmoja. Ila ukiniuliza mwanzo nini, bado chupa.

#12 Nakuru254
Wasee wa Bongo hamjambo. Hii shida si yenu pekee, huku Nakuru na Naivasha pia meno ni brauni, ni Bonde la Ufa lote. Wengi wanafikiria ukichemsha maji ile floraidi inaisha, wacha nikwambie, haiendi popote, maji ndiyo yanapungua kwa sufuria na hiyo floraidi inabaki, inakuwa kali zaidi. Huku kwetu dayosisi ya Kikatoliki ilikuwa inatengeneza chujio za makaa ya mifupa ya ng'ombe, hiyo ndiyo inashika floraidi. Ama uvune maji ya mvua.

#13 Mpemba Asiyekunywa Soda
Mifupa ya ng'ombe kwenye maji ya kunywa? Na ya nguruwe nayo si itachanganywa humo? Mie hapana.

#14 Nakuru254
@Mpemba Asiyekunywa Soda unachagua mifupa ya ng'ombe, inachomwa kwa joto kali mpaka inakuwa makaa, hakuna nyama wala mafuta hapo. Lakini najua watu wengi walikataa kwa hiyo hiyo sababu, kwa hivyo hauko peke yako.

#15 Jembe Kalamu
Kiwango kinachoruhusiwa ni miligramu 4 kwa lita, kwa hiyo tusitishane.

#16 Mzee wa Makande
@Jembe Kalamu hiyo 4 ilikuwa kiwango cha zamani kwa sababu kuna sehemu wangekosa maji kabisa. WHO wanasema isizidi 1.5, na Tanzania nayo ikashuka hadi 1.5. Kwenye 4 ndipo yalipotoka meno yangu haya. Na kuna vijiji watoto wamepinda miguu, si meno tu.

#17 Bint Tanga
Jamani na mimi niseme. Mnasema chupa chupa, mimi wanangu wote wamelala na chupa na meno yao meupe peee, jirani yangu mtoto wake hajawahi kuiona chupa, kanyonya titi tu mpaka miaka miwili na miezi, meno ya mbele yote yameoza. Sasa hapo mtaniambia nini. Mimi naamini ni mama wakati wa mimba, ukikosa kalsiamu mtoto anachukua kwenye meno yako na yake yanatoka dhaifu. Mama yangu anasema kila mtoto jino moja, na yeye ana mapengo saba na sisi tuko saba.

#18 Msema Kweli Bandia
Hesabu imekubali, uzi ufungwe.

#19 dkt_magego
@Bint Tanga mtoto hachukui kalsiamu kwenye meno ya mama, akipungukiwa anachukua kwenye mifupa. Mama mjamzito meno yanaharibika kwa kutapika (asidi ya tumboni), fizi kuvimba kwa homoni, na kula udongo na vitu vitamu kila saa. Ila una nusu ya ukweli: meno ya utoto yanaanza kujijenga tumboni, mama akiwa na lishe mbaya sana au mtoto akizaliwa njiti, gamba la jino linaweza kutoka jembamba. Huyo wa jirani yako unaweza kukuta ni hivyo. Au alikuwa ananyonya usiku kucha baada ya kuanza kula biskuti. Au mama mwenye meno mabovu alikuwa anaonja uji kwa kijiko kisha anampa mtoto kijiko hichohicho, bakteria wale hawazaliwi na mtoto, anaambukizwa na sisi.

#20 Shangazi wa Mbagala
Dokta hapo kwenye titi usije ukatuharibia. Wizara na WHO wanasema nyonyesha mpaka miaka miwili na zaidi, wewe unakuja kusema linaoza meno?

#21 dkt_magego
Sijasema liache. Nyonyesha mpaka miwili. Nilichosema, akishapita mwaka na anakula vyakula vingine, kunyonya mara nyingi usiku huku meno hayajapigwa mswaki ni hatari, wapo wataalamu wanaobishana ukubwa wa hatari hiyo, mimi nafuata waliosema mswakie kabla ya kulala. Maziwa ya mama peke yake kwa mtoto wa miezi sita hayana kesi.

#22 Chonge Moja
Mimi limenigusa la mama mkwe. MamaKibonge chunga huyo wa miezi minane, akiharisha tu au akipata homa utasikia "ana meno ya plastiki", watamfungua mdomo wakaone fizi nyeupe imevimba pale kwenye chonge, wataita bibi mmoja mwenye spoki ya baiskeli. Mimi walinifanyia nikiwa mchanga kijijini kwetu. Walichokitoa hakikuwa plastiki, kilikuwa mbegu ya jino langu la chonge. Chonge zangu mbili za utoto hazikutoka kabisa, na ya ukubwani moja ikatoka imepinda na haina gamba, ndo maana jina langu hilo. Na mimi ni wa bahati, kuna watoto wanavuja damu mpaka wanafariki, wengine pepopunda, maana spoki ileile inazunguka kijiji.

#23 Bint Tanga
Duh pole sana. Lakini mbona mtoto akishatolewa yale huwa anapona kweli? Mdogo wangu alipona.

#24 Chonge Moja
Kuharisha kwa mtoto mchanga mara nyingi kunapita kwenyewe ndani ya siku chache akipewa maji na chumvichumvi. Angepona hata wangemnyoa nywele.

#25 Mpemba Asiyekunywa Soda
Nyie huko bara mna spoki, sisi pwani tuna tunguja. Zamani mtu akiumwa jino anachomewa mbegu za tunguja juu ya kaa, anajifunika shuka anavuta moshi kwa mdomo wazi juu ya bakuli la maji, halafu anaoneshwa funza weupe wameanguka. Nimewaona kwa macho yangu. Babu alikuwa fundi wake.

#26 Jembe Kalamu
Wale si funza mkuu. Mbegu ikipata moto inapasuka, kiini chake cheupe kinachomoza kimepinda, kwenye maji kinaonekana kama mdudu. Choma mbegu bila mgonjwa uone kama "funza" hawatatoka.

#27 Mpemba Asiyekunywa Soda
Sasa na maumivu yaliyokuwa yanaondoka? Mie bado namuamini babu. Na tulikuwa tunapiga msuwaki wa mti asubuhi na jioni, hatukuwa na maji ya boksi yenye rangi wala lambalamba.

#28 MamaKibonge
Nimesoma zote, asanteni. Sasa mmenichanganya jambo moja. Mzee wa Makande anasema floraidi ndo imeharibu meno, na daktari tuliyemuona kaandika ninunue dawa ya mswaki YENYE floraidi. Nilikuwa namnunulia ile ya watoto yenye picha ya katuni, ladha ya stroberi, haina. Floraidi inaharibu au inaponya?

#29 Macho Wazi
Inaharibu dada. Soma nyuma ya boksi, wameandika mtoto asimeze. Kitu ambacho hakimezwi unakiweka mdomoni kwa nini? Amka.

#30 dkt_magego
@Macho Wazi na sabuni haimezwi, unaoga kwa nini?

@MamaKibonge vyote viwili ni kweli, inategemea imeingia wapi na kiasi gani. Ukiimeza nyingi kila siku kwenye maji wakati meno bado yanajengwa ndani ya fizi, yaani tangu kuzaliwa mpaka kama miaka minane, gamba linatoka na madoa. Ikipakwa kidogo juu ya jino lililokwisha kutoka, inalifanya gumu mbele ya asidi. Tafuta boksi limeandikwa ppm 1000 mpaka 1500, hata ya wakubwa ya bei rahisi inafaa. Chini ya miaka mitatu pakaza kama punje ya mchele, kuanzia mitatu mpaka sita kama punje ya njegere, si ule mstari mrefu wa kwenye tangazo. Mswakie wewe mwenyewe mara mbili kwa siku, hasa wa usiku, mtoto mwenyewe hawezi mpaka kama miaka saba au nane. Ateme, asisukutue na maji mengi. Huyo wa miezi minane anza leo, meno mawili yanatosha kuanza. Na kama mna ndugu bado wako Usa River, wao wahangaike kwanza na maji, dawa ya mswaki ni kitu kidogo sana kwao.

#31 Mzee wa Makande
Hapo kwenye sentensi ya mwisho tumeelewana.

#32 Ngoja Waje
Dokta na swali la msingi hamjalijibu, mama mkwe anasema yatang'oka yenyewe. Kuna haja ya kuingia gharama?

#33 Fundi Geji
Niongee mimi. Gego langu la kwanza kule nyuma liling'olewa nikiwa darasa la tatu, nyumbani wote walijua ni la utoto litaota lingine. Halikuota mpaka leo. Baadaye ndo naambiwa lile gego huota kwenye miaka sita nyuma ya meno ya utoto, halisubiri lolote ling'oke, kwa hiyo mzazi hajui kama limefika. Sasa natafuna upande mmoja na nina miaka 34.

#34 dkt_magego
Fundi Geji kasema la muhimu. Na ya utoto yenyewe: ya mbele yanaanza kuachia miaka sita, lakini magego ya utoto yanakaa mpaka kumi au kumi na mbili, na ndiyo yanashikilia nafasi. Mtoto wa miaka mitatu ana miaka mingi ya kuumwa, kuvimba shavu, kukosa usingizi na kukataa kula kabla "hayajang'oka yenyewe". Usaha ukishuka unaweza kuharibu hata mbegu ya jino la ukubwani iliyoko chini yake.

Gharama si lazima iwe kubwa. Kuna kusafisha tundu kwa vifaa vya mkono bila mashine na mara nyingi bila sindano ya ganzi, halafu linazibwa kwa simenti yenye floraidi. Njia hii ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 80 ndo ikasambaa duniani, wengi hawajui. Kuna pia dawa ya maji yenye madini ya fedha, inapakwa tu na uozo unasimama, WHO iliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu 2021. Ubaya wake sehemu iliyooza inabaki nyeusi tii.

#35 Shangazi wa Mbagala
Binti wa watu meno meusi mbele? Bora pengo. Pengo watu wanajua ni la utoto, jeusi wataanza kumwita majina shuleni.

#36 Chonge Moja
Heri jeusi lisiloumwa. Pengo la miaka mitatu mpaka saba na matamshi yanakuwaje?

#37 Bint Tanga
Mimi naunga mkono pengo. Visiki viwili vile mtavipaka dawa kwenye nini?

#38 MamaKibonge
Visiki daktari kasema ving'olewe, meno mawili mengine ndo yapakwe. Mume bado anapiga simu nyumbani kuomba ruhusa. Ila mwenye mbinu ya kuondoa chupa anipe, jana nimeificha, leo nimerudi nimekuta bibi kanunua mpya.

#39 Shangazi wa Mbagala
Punguza maziwa kidogo kidogo uongeze maji, mpaka wiki ya pili inakuwa maji matupu. Ataitupa mwenyewe. Mimi sikuificha, nilimwacha aichoke.

#40 Mpemba Asiyekunywa Soda
Paka shubiri kwenye nyonyo. Dawa ya wazee, usiku mmoja tu.

#41 Macho Wazi
Shubiri imeandikwa asimeze?

#42 Mshua Mpya
Sijasoma kurasa zote ila chukueni karafuu, saga, changanya na chumvi mumpake kwenye visiki, kwangu ilikata maumivu palepale.

#43 dkt_magego
Kwako mtu mzima sawa inaweza kutuliza. Mafuta ya karafuu makali yanaunguza fizi za mtoto, tafadhali.

#44 Msema Kweli Bandia
Dokta kabla hujatoka, mimi nina harufu ya mdomo sugu na mke kahamia chumba cha watoto, nifungue uzi au nikufuate PM?

#45 Shangazi wa Mbagala
Fungua uzi, sote tunataka kusoma.